Walipomuuliza Umri Wake

Siku ya pili baada ya kuripoti katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho kusini mwa Vietnam, fundi wetu wa mashine, mtu wa miaka 46, mzaliwa wa Newala aliyefanya kazi Mtwara mjini kwa zaidi ya miaka 20, aliulizwa swali na msimamizi wa zamu ambaye kwa kumtazama tu hakuwa amefikisha hata miaka 30. Swali lilipita kwa mkalimani: "Una miaka mingapi?" Fundi alijibu kwa mkato kwamba yeye ni mtu mzima, akaigeukia mashine yake, na kwa siku nne zilizofuata hakusema na kijana yule neno lolote lisilohusu kazi. Usiku wa siku ya nne alinipigia simu. Kwake ilikuwa saa tano usiku, kwangu saa moja jioni, na nilikuwa nimekaa barazani kwangu Shangani nikipunga upepo wa bahari. "Mwalimu," aliniambia, "hawa watu hawana adabu. Mtoto mdogo ananiuliza umri mbele za watu kama karani wa sensa."

Nilikosa la kumjibu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwandaa kwa safari ile. Kwa siku tatu tulikaa katika chumba cha mikutano cha kampuni, yeye na wenzake watatu, nikawaeleza kuhusu hali ya hewa, fedha, vijiti vya kulia chakula, sikukuu ya Tết, yaani mwaka mpya wa Kivietnamu, namna ya kuvuka barabara yenye pikipiki zisizokatika, pamoja na orodha ndefu ya mambo ya kufanya na ya kutofanya ambayo nilikuwa nimeiokota kwenye intaneti na kuitafsiri. Orodha ile haikuwa na uongo ndani yake. Hata hivyo haikumfaa pale alipohitaji kufaiwa, na tangu jioni ile nimeshikilia jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: kumwandaa mfanyakazi kwenda kufanya kazi nje ya nchi kunaanza kwa kumwonyesha yeye mwenyewe amelelewa kwa kanuni zipi, hasa zile ambazo hajui kwamba ni kanuni, na ni baada ya hapo tu ndipo desturi za huko aendako zinapoweza kumwingia.

Niliuliza kwa watu, nikasoma, nikampata Mtanzania mmoja aliyewahi kuishi Vietnam, na maelezo niliyopewa yalinikalisha chini. Kivietnamu hakina "mimi" na "wewe" vya kutumia kwa kila mtu kama tulivyo navyo sisi. Lipo neno tôi lenye maana ya "mimi", lakini kati ya watu wanaofanya kazi bega kwa bega kila siku neno hilo husikika kama la mtu anayejitenga. Badala yake watu huitana, na hujiita wao wenyewe, kwa majina ya undugu yanayofuata umri. Mwanamume aliyekuzidi umri kidogo ni anh, yaani kaka. Mwanamke aliyekuzidi kidogo ni chị, dada. Uliyemzidi wewe ni em, mdogo wako. Mwanamume wa rika la baba yako ambaye baba amemtangulia kuzaliwa ni chú, na yule aliyemtangulia baba ni bác. Msomaji wa Kiswahili ameshaona kilichopo hapa: ni baba mdogo na baba mkubwa. Kijana yule hakuweza hata kusema "mimi" mbele ya fundi wetu bila kujua kwanza kama ajiite mdogo wake au mwanawe. Alikuwa anatafuta namna ya kumwamkia.

Tujitazame na sisi. Mtu akiingia dukani Chikongola hutupa jicho mara moja kwenye mvi, kwenye mikunjo ya uso, kwenye kofia au kanga na namna ilivyovaliwa, kisha papo hapo anaamua kama aseme shikamoo, habari za saa hizi, au mambo. Hatuulizi umri kwa sababu tunaupima kwa macho, na tumeanza kuupima tangu utotoni, kwa hiyo hatujui tena kwamba tunapima. Anayekosea hukosea kwa uchungu. Nimewahi kuona mama wa makamo akikataa kuitikia shikamoo ya kijana mwenye ndevu, akageuza uso kabisa, kwa kuwa alihisi amezeeshwa. Wavietnamu wanauliza kwa mdomo kile ambacho sisi tunakiuliza kwa macho, na wanakiuliza kwa nia ile ile ya kumweka mtu mahali pake panapostahili.

Nilipomweleza fundi maneno hayo kesho yake, alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema: "Kwa hiyo alitaka kuniamkia?" Alimfuata kijana yule, akamtajia umri wake na kumuuliza wake. Alikuwa na miaka 28. Kuanzia hapo fundi aliitwa chú, na kijana huyo huyo ndiye aliyemwonyesha namna ya kurekebisha nafasi ya visu vya mashine ya kupasulia maganda ili kiini kisivunjike, jambo linalojulikana kwa vidole vya waliozoea na halimo katika kitabu cha maelekezo cha mashine. Kampuni ilikuwa imelipa nauli, viza na posho za miezi mitatu kwa ajili ya ujuzi huo hasa, na ungeweza kupotea wote kwa sababu ya swali moja la salamu.

Nimefikiri sana kwa nini orodha yangu ilikuwa na vijiti vya kulia lakini haikuwa na jambo hili, na nadhani sababu moja iko katika asili ya mafunzo yenyewe. Taaluma ya kuwaandaa watu kwa kazi za ugenini haikuanzishwa kwa ajili ya watu wa Mtwara. Mwaka 1947, baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianzisha chuo chake, Foreign Service Institute, ili kuwafundisha wanadiplomasia na wataalamu waliokuwa wakitumwa kila pembe ya dunia. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall alifundisha hapo katika miaka ya 1950, na kilichowafaa wanafunzi wake kilikuwa mambo madogo madogo ya kila siku, kama vile mwenyeji anasimama karibu kiasi gani anapozungumza, au kuchelewa kwa nusu saa kuna maana gani kwake, kuliko nadharia pana kuhusu mataifa. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia mwingine, Kalervo Oberg, alitoa hotuba mjini Rio de Janeiro kuhusu kile alichokiita mshtuko wa utamaduni, akaeleza jinsi mgeni anavyoanza kwa kufurahia kila kitu, kisha akachukia kila kitu, kisha taratibu akazoea. Oberg huyo alikuwa ameshafanya utafiti miongoni mwa Wanyankole wa Uganda katika miaka ya 1930, kwa hiyo sehemu ya maisha yake ya ugenini aliishi hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Na mwaka 1961, vijana wa kwanza wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, walipokuja Tanganyika kupima barabara na ardhi, walikuwa wamefundishwa Kiswahili kabla ya kuvuka bahari.

Ninawaheshimu watu hao na ninatumia kazi zao. Hata hivyo nyenzo nyingi zilizotokana nao zimeandikwa kwa macho ya mtu anayetoka kwenye nchi tajiri kwenda kwenye nchi maskini, mtu ambaye akifika anasubiriwa na gari, nyumba na cheo. Fundi wetu anasafiri kinyume chake. Anakwenda kama mwanafunzi, kwa viza iliyofungwa na mwajiri, akiwa na ada za watoto kichwani, na tangu uwanja wa ndege anajua kwamba yapo macho yanayomtazama kama mtu anayetoka mahali pa shida. Mtu wa namna hiyo akiulizwa umri na mdogo wake anasikia dharau haraka kuliko Mmarekani angeisikia, kwa kuwa alikuwa ameshaitarajia. Kutafsiri hakutoshi hapo. Inabidi mafunzo yasukwe upya kuanzia kwetu.

Kisa cha pili ndicho kilichonifunza zaidi. Kijana mmoja wa Lindi, fundi wa kuchomelea mabomba, alipelekwa kwa miezi sita Stavanger, mji ambao ni kitovu cha shughuli za mafuta na gesi nchini Norway. Taarifa ya kwanza ya wakufunzi wake ilisema kwamba ana mikono mizuri sana lakini hajishughulishi darasani. Kila walipouliza kama kuna swali alinyamaza. Kila walipomuuliza kama ameelewa alisema ndiyo, na mara mbili ilidhihirika baadaye kwamba hakuwa ameelewa. Ofisi iliyomtuma iliipokea taarifa ile kwa hasira, ikaanza kuzungumzia kumrudisha.

Mtu aliyelelewa Lindi anaisoma taarifa hiyo kwa namna nyingine kabisa. Kwetu, kumuuliza mkubwa swali mbele ya watu kunakaribia kumwambia kwamba hakufundisha vizuri. Mwenye adabu husubiri, akamfuata pembeni, akaanza kwa salamu na habari za nyumbani, ndipo akaligusa swali lake. "Ndiyo" yetu mbele ya mkubwa ina maana ya "nimekusikia na ninakuheshimu", na "hapana" yetu hufika ikiwa imevaa nguo nyingine: tutaona, inshallah, nitajitahidi, ngoja nizungumze na wenzangu. Edward Hall alikuja kueleza mwaka 1976 kwamba zipo jamii ambazo sehemu kubwa ya ujumbe wao haimo kwenye maneno bali kwenye hali, uhusiano na ukimya unaoyazunguka, na zipo jamii ambazo kile kisichosemwa kinahesabiwa kuwa hakipo. Pwani yetu ya kusini ni ya kundi la kwanza. Stavanger ni ya kundi la pili, na huko mkufunzi mwenye mvi anaitwa kwa jina lake la kwanza na anategemea kukatizwa.

Kama jambo lingekuwa la adabu tu, ningesema pande zote mbili zivumiliane. Lakini kwa fundi wa gesi ukimya ni jambo la kufa na kupona. Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la malazi la wafanyakazi liitwalo Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, na watu 123 wakapoteza maisha, kutokana na ufa ulioanzia kwenye mchomeleo mmoja mdogo katika nguzo ya kuunganisha miguu yake. Sheria ya mazingira ya kazi ya nchi hiyo leo inamtaka mfanyakazi yeyote aache kazi anapoona haiwezi kuendelea bila kuhatarisha maisha au afya, na inampa mwakilishi wa usalama aliyechaguliwa na wenzake uwezo wa kuisimamisha kazi ya hatari. Kwa hiyo katika mafunzo yale wakufunzi walikuwa na zoezi la makusudi: walipanga vifaa vya kuchomelea vikiwa na kosa, wakatazama ni nani atakayesimamisha kazi. Kijana wetu hakusimamisha. Alipokuja likizo nilimuuliza kama hakuliona lile kosa, akanijibu akitazama chini: "Niliona, mwalimu. Mpira wa gesi haukuwa umefungwa sawasawa. Nikasema moyoni, mzee huyu ana sababu yake."

Jibu hilo limekaa nami. Kijana alikuwa na macho, alikuwa na ujuzi, na heshima njema aliyofunzwa na wazazi wake ndiyo iliyomfunga mdomo. Hakuna aliyemwambia kabla ya kuondoka kwamba huko aendako heshima kwa mzee yule ingekuwa kumwambia, mbele ya wote, kwamba mpira haukufungwa.

Siku hizi, kabla ya fundi yeyote wa gesi kuondoka, tunalifanyia jambo hilo mazoezi ya mdomo. Kila mmoja husimama na kusema "simamisha kazi", kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha atakayoitumia huko, akinitazama mimi, kisha akimtazama mtu mzima tunayemwalika kwa makusudi, mzee wa haki mwenye kanzu na bakora. Mbele ya mzee huyo sauti hushuka, macho huanguka, na wengine husema "samahani baba, sijui kama..." wakaishia hapo. Tunarudia. Mzee mwenyewe huwatia moyo. Inachukua asubuhi nzima, na sijawahi kuona asubuhi iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Vijana hunipinga hapo, na wana haki. Wanauliza kama ninawataka waache malezi yao. Zipo methali mbili ambazo hupigana darasani kwangu kila mara: mmoja husema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho, na mwingine humjibu mwacha mila ni mtumwa. Mimi huwaambia waangalie ndimi zao. Kijana wa Lindi huzungumza Kimwera na bibi yake, Kiswahili sokoni, na Kiingereza kidogo kazini, na hakuna siku ambayo bibi amelalamika kwamba Kiswahili kimemla mjukuu wake. Kusema wazi mbele ya mkubwa ni lugha nyingine ya kuongezea, yenye mahali pake na saa yake. Akirudi Lindi atamsubiri mzee pembeni kama zamani.

Sisemi kwamba orodha ya mambo ya huko haina kazi. Fundi wetu wa Vietnam ni Mwislamu, na wiki nzima ya kwanza alikula wali mweupe na mayai ya kuchemsha kwa sababu hakutaka kuwasumbua wenyeji kwa maswali kuhusu kila sahani. Karatasi moja ndogo iliyoandikwa kwamba hali thịt heo, yaani nyama ya nguruwe, ingemwondolea adha ile siku ya kwanza. Sasa karatasi hiyo tunaiandaa. Ni jambo la dakika tano.

Lililo gumu zaidi ni kumfanya mtu ahisi, kabla hajapanda ndege, jinsi kanuni mbili zinavyogongana bila yeyote kuwa na nia mbaya. Watu wa korosho wamezoea kipimo kimoja kinachokubalika pande zote: unachukua sampuli ya kilo moja, unakata, unapima viini vinavyofaa, na ukipata gramu 280 unajua ni kama ratili 49 kwa gunia la kilo 80, uwe Mtwara au uwe Ho Chi Minh City. Tabia za watu hazina mizani ya namna hiyo, na maelezo matupu hayamshawishi mtu aliyezoea mizani. Kwa hiyo ninatumia karata. Mchezo huu uitwao Barnga ulibuniwa mwaka 1980 na Sivasailam Thiagarajan alipokuwa akifanya kazi Liberia. Washiriki hukaa meza nne, kila meza ikapewa karatasi ya sheria, wakacheza mizunguko michache ya kuzoea. Kisha karatasi hukusanywa, na kuanzia hapo ni marufuku kusema. Anayeshinda huhamia meza nyingine. Wasichokijua ni kwamba sheria za meza hazilingani: kwingine ree ndiyo kubwa, kwingine ndiyo ndogo, kwingine shupaza ni turufu, kwingine hakuna turufu kabisa.

Mara ya mwisho tulipoucheza, mama mmoja mkaguzi wa ubora, anayesifika ghalani kwa upole wake, alishinda na kuhamia meza ya tatu. Akatupa ree ya kopa, akanyoosha mkono kukusanya karata zake kwa utulivu wa mtu anayechukua kilicho chake. Kijana wa mbele yake akaweka kiganja juu ya zile karata, akagonga kwa kidole kwenye mbili ya shupaza, akazivuta upande wake. Mama akamtazama. Akazivuta tena. Mikono miwili ilibaki juu ya karata nne, bila neno, na wengine wote mezani walikuwa wameacha kucheza. Kisha mama akauondoa mkono wake, akaegemea kiti, akajifunga kanga vizuri begani, na mpaka mwisho wa mchezo alikuwa akitupa karata bila kuzitazama.

Tulipofungua midomo, wengi walisema wenzao walikuwa wadanganyifu au wazito wa kuelewa. Kati ya watu 16 ni wawili tu waliowahi kufikiri kwamba huenda sheria zenyewe zilikuwa tofauti. Mama yule alisema: "Nilidhani wananionea kwa kuwa meza nzima mimi peke yangu ndiye mwanamke." Nilimshukuru kwa kulisema, kwa sababu ndivyo inavyokuwa ugenini. Mtu asipojua kwamba kuna kanuni nyingine, hulitafutia tukio maelezo katika jeraha alilokwisha kuwa nalo: mwanamke atadhani ni kwa kuwa ni mwanamke, Mwafrika atadhani ni kwa kuwa ni mweusi, mtu wa kusini atadhani amedharauliwa kwa ukusini wake. Wakati mwingine atakuwa sahihi kabisa, na dhuluma ni dhuluma. Lakini anahitaji macho ya kutofautisha.

Hapo niseme neno kuhusu nchi za Ghuba, ambako mabinti zetu wengi hukimbilia kazi za ndani. Oman inaonekana karibu: wapo wenyeji wanaosema Kiswahili, dini ni moja kwa wengi wetu, na hata vyakula vinafanana. Ukaribu huo huwafanya watu waone kwamba maandalizi hayahitajiki. Kwa binti anayekwenda huko mimi siwezi kuanza na desturi. Ninaanza na mkataba, saa za kazi, siku ya kupumzika, namba ya simu ya ubalozi wetu Muscat, na pasipoti yake iwe mkononi mwake. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataja haki ya mfanyakazi wa nyumbani kutunza hati zake mwenyewe na kupata mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Anayemwambia binti avumilie kunyimwa mshahara kwa sababu "ndio utamaduni wao" anaitumia vibaya kazi ninayoipenda, na ninamkatalia hadharani.

Familia nayo tuliisahau kwa muda mrefu. Sasa tunaalika mke au mume, na mama mzazi akiwepo, kwa nusu siku. Tunawaonyesha kwamba saa za Vietnam ziko mbele ya zetu kwa saa nne, ili mama asipige simu saa tatu usiku ya Mtwara akamwamsha mtu anayeingia zamu alfajiri. Tunataja wazi kiasi cha posho na kiasi kinachobaki baada ya chakula na nauli. Kikao hicho huwa na ukimya mzito, kwa sababu ndugu wengi huwa wameshapanga bati na saruji kwa fedha ambazo hazipo. Afadhali uzito huo ubebwe hapa, watu wakiwa wamekaa pamoja, kuliko aje kuubeba mmoja peke yake chumbani ugenini.

Halafu kuna kurudi. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliandika kwamba mtu aliyekwisha kuzoea ugenini hupata mshtuko wa pili anaporejea kwao, na mimi nimeuona kwa macho. Fundi wetu aliporudi aliitisha kikao cha mafundi saa tatu kamili asubuhi. Saa tatu na dakika 40 alikuwa bado amekaa peke yake karakana, daftari limefunguliwa. Walipoingia mmoja mmoja wakicheka, aliwafokea, na mchana ule jina la "Mchina" lilikuwa limeshamganda. Hakuna aliyemuuliza alichojifunza. Ofisi ilipokea ripoti ya kurasa mbili ikaifungia kabatini, na kwa miezi kadhaa ule ujuzi wa visu ulikaa ndani ya mtu mmoja aliyekuwa amenuna.

Jambo hili lilinihuzunisha zaidi kwa sababu sisi watu wa kusini ndio tusiokuwa na udhuru. Tunajua kumvusha mtu kutoka hali moja kwenda nyingine. Mtoto huingia likumbi, yaani jandoni, hufundishwa kwa nyimbo na mafumbo, si kwa orodha. Kungwi humfanyisha mwali jambo mpaka limkae mwilini. Na siku ya kutoka ngoma hupigwa, mapiko, ngoma ya vinyago, huchezwa, nguo mpya huvaliwa, na kijiji kizima hukubali kwamba aliyetoka si yule aliyeingia. Nusu ya shughuli yetu ni ya kupokea. Mafunzo tuliyoiga kwa wengine yana kuingia, hayana kutoka.

Kwa hiyo msimu wa korosho ulipokwisha tulifanya siku ya mapokezi kwa mara ya kwanza. Ulipikwa pilau. Kila aliyerudi alipewa muda wa kuonyesha jambo moja, na wenzake walitakiwa kuuliza, si kumpongeza tu. Fundi alileta visu vyake na mashine moja ndogo, akavua saa, akaonyesha, akarudia, akawaachia wengine washike. Yule aliyempa jina la Mchina ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika, na alipovunja viini viwili mfululizo fundi alimshikilia mkono taratibu mpaka cha tatu kikatoka kizima.

Baada ya chakula alinivuta pembeni akaniamkia kwa cheo changu, nami nikaitikia shikamoo yake. Akatoa simu. Yule kijana alikuwa amemtumia salamu za Tết kwa Kivietnamu, pamoja na picha ya mtoto wake mchanga. Fundi alikuwa ameandika jibu na alitaka nilitazame kabla hajalituma, ingawa anajua kwamba Kivietnamu mimi sikijui. Nilimuuliza neno la kwanza lina maana gani. Akasema ni "baba mdogo"; amejitaja yeye mwenyewe, kwa sababu akizungumza na kijana yule ndivyo anavyosema "mimi".